Makumbusho ya Bwana Dhana

Sehemu ya Tisa

"Kata!"

Hapo ndipo tulipomwacha Msanifu, mchora ramani wa jengo hili, wiki iliyopita, msomaji: mgongo umeganda kwenye nguzo ya chuma, uso umeelekea moto, na neno hilo moja likigonga kuta za ghala zima. Moto wa gesi ulikuwa wa buluu, mwembamba kama kidole. Kati ya ncha yake na kifungo cha blauzi yake hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

"Nimesema kata! Mnasubiri nini?"

Fundi wa kuchomelea alipandisha miwani yake ya kazi hadi kwenye paji la uso. Akamtazama aliyetoa amri. Akamtazama mwanamke aliyejibandika kwenye nguzo. Kisha akafunga gesi, moto ukafa: pu!

"Bosi, mimi nakata chuma," alisema. "Watu sikati."

Aliyekuwa akipiga kelele ni mkurugenzi wa makumbusho mapya ya sanaa ya kisasa, ambaye mafundi wote walimwita Bwana Dhana, ingawa si mbele yake. Jina hilo lilimpata siku za mwanzo kabisa za ukarabati, alipoulizwa vyoo vijengwe upande gani. Alifikiri sana, akajibu kwamba choo nacho ni dhana. Mpaka leo mafundi wanaomba hifadhi kwenye jengo la jirani.

Nje jua lilikuwa linachoma, lakini yeye alikuwa na skafu ya sufu shingoni. Miwani yake ilikuwa na fremu nene na vioo visivyosaidia macho chochote. Kabla ya sanaa alikuwa akiuza fanicha za ofisi, na kabla ya fanicha alikuwa akizungumza tu.

"Dada yangu," alisema, sauti ameilainisha ghafla, "unaharibu mchakato."

"Mchakato gani? Nguzo hii imebeba sakafu ya juu. Kesho wageni wako wote watapanda kule kunywa juisi na kusikiliza hotuba yako. Ukiitoa, watashuka kwa pamoja, na hawatapita kwenye ngazi."

Mafundi wakacheka chini chini.

"Wewe unaona nguzo. Mimi naona kizuizi." Bwana Dhana alipanua mikono kama anayekumbatia ukumbi mzima. "Mahali hapa panahitaji utupu. Mgeni akiingia tu, akutane na utupu. Autafakari. Aujadili na mwenzake. Wafadhili nimewaahidi utupu, na kesho mgeni rasmi anakuja kuuona utupu."

Fundi mmoja wa rangi aligeukia ukuta haraka, mabega yakimtetemeka.

"Wako unatosha," Msanifu alimjibu. "Na ningekushauri uufunike."

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Hata fundi wa kuchomelea, mtu ambaye hajawahi kuonekana meno yake, aliyaonyesha. Bwana Dhana alisubiri. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomshtua Msanifu, kwa sababu mtu yule akitukanwa huwa anavimba kama andazi.

"Cheka, dada yangu. Lakini idhini ya kuiondoa nguzo hii sikuitoa mimi. Imetolewa na mhandisi. Yule mhandisi unayelala naye kitanda kimoja."

Kicheko kikakatika.

"Na aliyeomba iondoke," aliendelea akirekebisha skafu, "ni msanii mwenyewe. Mdogo wako."

Kwa pumzi moja alikuwa amemchoma mara mbili. Mhandisi wa jengo ni mume wake Msanifu. Msanii aliyepewa ukumbi mkubwa kwa maonyesho ya ufunguzi ni mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda, na ambaye Msanifu alimlea tangu mama yao alipofariki. Kama angeulizwa jana ni watu gani wawili hawawezi kumgeuka, angewataja hao hao.

Na jengo lenyewe! Ghala hili lilipotakiwa kubomolewa ili liwe maegesho ya magari, ni yeye aliyezunguka ofisi moja baada ya nyingine akiwaeleza wakubwa waliokuwa wakipiga miayo kwamba kuta hizi nene, paa hili refu lenye madirisha yanayomwaga mwanga wa asubuhi, na nguzo hizi za chuma haziwezi kujengwa tena na mtu yeyote. Walipokubali hatimaye, walimteua Bwana Dhana kuwa mkurugenzi. Ndivyo wakubwa wanavyokubali.

"Fundi," Msanifu alisema bila kumtazama mtu, "nikirudi nikukute umekaa."

"Nimeshakaa, mama," fundi alijibu, akageuza ndoo na kuikalia.

*

Kitinda alikuwa kwenye chumba cha zamani cha mizani, ameketi sakafuni katikati ya bahari ya magunia, shazia mkononi, ile sindano nene ya kushonea magunia. Alikuwa anayashona moja na jingine, machakavu na yenye viraka, yawe kitambaa kimoja kikubwa kuliko nyumba.

Dada hawa wawili hawakuwa wamesemeshana tangu chakula cha Jumapili, pale Msanifu aliposema mbele ya wageni kwamba kama magunia ni sanaa, basi panya wa ghala lile wangekuwa maprofesa. Wageni walicheka. Kitinda alinyanyuka, akaacha chakula kwenye sahani.

"Umekuja kuwasalimia maprofesa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Kwa nini umeomba nguzo ya kati ikatwe?"

Shazia ikasimama.

"Nguzo ipi?"

"Kitinda, usinichezee."

"Dada, nakuuliza. Nguzo ipi?"

"Ya kati! Ile kubwa ya ukumbini!"

Kitinda alinyanyuka, akapekua magunia kwa mikono miwili mpaka akafika katikati ya kitambaa. Pale palikuwa na tundu la duara, limezungushiwa kamba ngumu ukingoni ili lisichanike, na ubavuni lina mpasuo wa kufungia.

"Hili tundu unadhani ni la nini? La kupitisha kichwa? Kazi yangu yote inaizunguka nguzo hiyo! Inashuka kutoka ghorofani kama sketi, inafika mpaka chini. Bila nguzo, nilichonacho ni zulia bovu lenye tundu!"

Msanifu alilitazama tundu lile. Hakuhitaji kulipima. Lilikuwa saizi ile ile.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia Jumapili," Kitinda alisema. "Ulikuwa unachekesha wageni."

Maneno hayo yalimwingia taratibu, yakabaki moyoni. Msanifu alitaka kusema samahani, lakini neno hilo hakulizoea. Akauliza jingine.

"Bwana Dhana alikuambia nini?"

"Kwamba wewe umeagiza kazi yangu itolewe ukumbini. Iende kwenye korido ya vyooni."

"Vyoo vipi?"

Wakatazamana. Kitinda ndiye aliyeanza kucheka, kidogo tu, kwa hasira, na Msanifu akamfuata. Kisha wote wawili wakainama, wakashika kitambaa cha magunia kila mmoja upande wake, wakaanza kukiburuta kuelekea ukumbini.

*

Walipoingia walikuta ukumbi una mwenyewe.

Mama mmoja mnene mwenye gauni la kung'aa na sauti isiyohitaji kipaza alikuwa anatembea huku na kule akipima kwa hatua. Nyuma yake alimfuata msichana aliyeshika simu, ambaye uso wake ulisema wazi kwamba hakuna aliyemuuliza chochote tangu mwaka uanze.

"Hapa meza ya maharusi!" mama alitangaza. "Hapa keki! Wazazi wakae hapa, na hapa… eh! Nguzo hii bado ipo? Si mlisema mpaka leo itakuwa imeshaondoka?"

Bwana Dhana alikohoa. Alikonyeza. Alikohoa na kukonyeza kwa pamoja, akaonekana kama mtu aliyepaliwa.

"Mama, hayo tutaongea ofisini…"

"Shikamoo, mama," Msanifu aliingilia, mpole kuliko alivyowahi kuwa mwaka mzima. "Harusi ya nani?"

"Marahaba, mwanangu! Ya huyu hapa, mtoto wa kaka yangu. Mimi ndiye shangazi yake. Sisi ndio tutakaoufungua ukumbi, na nyuma yetu foleni si ya kuuliza!"

"Lakini hapa ni makumbusho."

Shangazi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia aliyechelewa basi.

"Hawajakuambia? Makumbusho ni ya hawa wafadhili tu, wapige picha, wafurahi, waende zao. Wakishaondoka hayo mapicha yanatolewa, hapa panakuwa ukumbi wa harusi. Ndiyo maana nguzo lazima itoke. Bibi harusi na shela lake lile refu atapitaje? Aizunguke nguzo kama mbuzi aliyefungwa kamba?"

Fundi wa rangi alishusha brashi.

"Kwa hiyo," Msanifu alisema akimgeukia mkurugenzi wake, "kumbe ule utupu ulikuwa wa kupangia viti."

Mtu mwingine angetafuta mlango. Bwana Dhana alitafuta sentensi.

"Dada yangu, tusiwe na mawazo finyu. Ukiitazama kwa jicho la kisasa, harusi nayo…"

"Usiseme."

"…harusi nayo ni dhana."

Kitinda hakusubiri zaidi. Alijifunga kamba ya kuvutia magunia kiunoni, mafundo mawili, akaanza kupanda ngazi.

"Naivalisha nguzo sasa hivi," alisema. "Nione mwanamume atakayeikata ikiwa imevaa."

"Ngoja nami nikaone huko juu bendi itakaa wapi," alisema Shangazi, ambaye hakuona ugomvi wowote wa kumhusu, akamfuata. Ngazi zikalia chini ya viatu vyake.

Ndipo mume wa Msanifu alipoingia.

*

Mhandisi alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kufuta miwani anapotaka muda wa kufikiri. Aliwaona wote wamesimama, akavua miwani.

"Ni kweli?" mke wake alimuuliza.

"Nini?"

"Umemruhusu mtu huyu akate nguzo."

Alifuta kioo kimoja. Akafuta cha pili.

"Nilisema inaweza kuondolewa…"

"Mmesikia!" Bwana Dhana alipaza sauti. "Mmesikia wenyewe!"

"…ikishawekwa boriti ya chuma ya kuipokea sakafu. Kabla ya hapo isiguswe."

Macho yote yalimrudia mkurugenzi.

"Sehemu hiyo ya pili ilikuwa ya kitaalamu mno," alisema Bwana Dhana. "Sikuitilia maanani."

Lakini Msanifu hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anamtazama mume wake.

"Ulikaa na huyu, mkaongea habari ya nguzo yangu, na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia lini?" Mhandisi alivaa miwani. Sauti yake haikupanda, na kwa sababu hiyo kila mtu aliisikia. "Nikifungua mdomo umeshajibu. Mdogo wako ulimchinja mezani Jumapili. Mimi ulinichinja mwezi uliopita mbele ya mafundi wangu, ukawaambia mkitaka jibu la haraka msimuulize huyu. Nilikuwa nimesimama pale pale, mke wangu. Nikatabasamu. Sasa tapeli huyu," akamwonyesha Bwana Dhana kwa kidevu, "ndiye mtu wa kwanza baada ya muda mrefu aliyeniuliza, Mhandisi, wewe unaonaje? Nikamjibu. Nilifurahi kuulizwa. Basi."

Msanifu alishusha macho, akayaweka kwenye nguzo.

"Tapeli?" alidakia Bwana Dhana. "Mimi?"

"Nyamaza!" walimwambia mke na mume kwa pamoja, na lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana mwezi ule.

Nyuma yao mtu alikohoa. Alikuwa fundi wa kuchomelea, bado amekalia ndoo yake. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Samahani wakubwa. Mhandisi, ulisema nguzo ngapi?"

"Moja. Hii hapa."

Fundi aliiweka kofia magotini.

"Basi kuna tatizo," alisema. "Hii ni ya pili."

Fundi aliinua kidole kuelekea pembeni ya ukumbi.

"Jana bosi alinianzishia na ile ya pembeni, kule kwenye chumba cha giza cha filamu. Akaniambia Mhandisi amepitisha zote mbili. Mimi nikaambiwa kata, nikakata."

Msanifu alikimbia. Pembeni ya ukumbi, Bwana Dhana alikuwa ametundika mapazia meusi mazito kuanzia juu mpaka chini, ili, kama alivyosema, mtazamaji akutane na nafsi yake. Msanifu alilishika pazia kwa mikono miwili, akalivuta likang'oka na fimbo yake.

Nyuma yake hapakuwa na nguzo. Palikuwa na kisiki cha chuma kinachotoka sakafuni kama jino lililovunjika. Juu, boriti ya mbao iliyokuwa ikikaa juu ya nguzo ile ilikuwa imepinda tumbo kuelekea chini, na ubavuni mwake mlikuwa na ufa mpya, mweupe, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Hayo yalikuwa majaribio," alisema Bwana Dhana. Safari hii hata yeye hakujiamini.

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilitoka juu ya vichwa vyao. Kisigino kikigonga mbao. Vumbi laini likashuka kutoka kwenye ufa, likatua begani kwa Msanifu.

"Jamani!" Sauti ya Shangazi ilishuka kutoka ghorofani, imejaa furaha. "Sakafu hii imetengenezewa kucheza! Njooni muone! Inanesa yenyewe!"

Ko, ko, ko, ko.

Msanifu alifungua mdomo apige kelele. Kiganja cha mume wake kikaufunika.

"Usiwashtue," Mhandisi alimnong'oneza sikioni. "Wakikimbia, sakafu inakuja chini."

Aliuondoa mkono. Walikuwa uso kwa uso, karibu kuliko walivyokuwa kwa wiki nyingi. Msanifu alikuwa na majibu yapatayo kumi kichwani. Aliyaacha yote.

"Tufanye nini?" aliuliza, na akasubiri.

"Mimi na fundi tunaweka vyuma vya kushikilia hapa chini. Wewe panda, wewe ni mwepesi. Wasogee ukutani mmoja mmoja, wakitambaa. Pasiwe na haraka."

Msanifu alivua viatu. Alipogeuka kuelekea ngazi, alimwona Bwana Dhana anateleza pembeni mwa ukuta kuelekea mlangoni, skafu mkononi, akitembea kwa vidole. Lakini mlango ulikuwa na mtu. Yule bibi harusi mtarajiwa, aliyekuwa hajatamka neno tangu afike, alikuwa amesimama katikati yake, miguu ameipanua.

"Shangazi yangu yuko juu," alisema. "Wewe unakwenda wapi?"

Msanifu hakungoja kusikia jibu.

Ghorofani mwanga wa madirisha ya paa ulimwagika kila mahali, na katika mwanga huo aliona alichokiogopa: sakafu ilikuwa imelegea katikati, mbao zimeinamia upande wa mapazia. Shangazi alikuwa pale pale penye mlegeo, gauni ameliinua kidogo, anajaribu hatua za muziki alioujua mwenyewe. Mbele zaidi, ukingoni, kwenye reli inayotazama ukumbi chini, Kitinda alikuwa ameshavuta nusu ya kitambaa chake mpaka juu. Nusu nyingine ilikuwa inaning'inia nje ya reli, nzito kama lori, na kamba yake ilikuwa bado imefungwa kiunoni mwake.

"Mama," Msanifu alisema polepole, "naomba usicheze."

"Nisicheze?"

"Simama hivyo hivyo ulivyo. Kisha kaa chini, taratibu."

"Nikae chini? Na gauni hili?"

"Kitinda. Fungua hiyo kamba kiunoni."

Kitinda aligeuka. "Umekuja kunidhihaki mpaka huku?"

"Mdogo wangu, nakuomba." Alisogea hatua moja, mkono ukutani. "Kazi yako ni nzuri. Nilipaswa kukuambia tangu Jumapili. Nisamehe, fungua kamba, nakuomba."

Katika maisha yake yote Kitinda hakuwahi kumsikia dada yake akiomba. Uso wake ukabadilika. Aliziona nyayo tupu za dada yake, akaona anavyokanyaga karibu na ukuta, akatazama sakafu chini yake, akaelewa. Vidole vyake vikaenda kiunoni. Fundo la kwanza likafunguka.

Chini, boriti ililia. Haikuwa sauti ya kuvunjika. Ilikuwa ndefu, ya chini chini, kama mtu mzima anayegeuka usingizini. Na Shangazi, aliyekuwa ameshafika nusu ya kukaa, aliisikia.

Akakimbia.

Hatua ya kwanza ilishika. Ya pili mbao zikatengana, na upande mzima wa sakafu ukashuka ghafla kwa kishindo, vumbi la nafaka za miaka mingi likapanda mpaka kwenye paa. Kitambaa cha magunia kiliteleza nje ya reli chote kwa pamoja. Kamba ikakazika. Kitinda akaangushwa, akaja akiburutwa juu ya mbao kuelekea ukingoni, wakati kutoka ndani ya vumbi mkono mmoja mnene wenye bangili ulichomoza ukitafuta chochote cha kushika.

Mkono wa Shangazi ulikuwa kulia kwa Msanifu. Mdogo wake alikuwa anapita kushoto. Yeye mwenyewe alikuwa anajishikilia kwenye kingo ya dirisha la ukutani kwa mkono mmoja, akabaki na mmoja tu.

Msanifu alifumba macho, akashika.